Mwenye Kumdai Marehemu Ajitokeze

Kama hujawahi kuzikwa na mtani wako ungali hai, basi Ruangwa huijui. Zuleha alizikwa Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, mlangoni mwa ghala la korosho alilolitumikia miaka kumi na minne. Mazishi yake aliyaona yote kwa macho yake, kikombe cha chai mkononi.

Lakini nisikurukishe. Wiki moja kabla ya hapo, wakubwa wa ushirika walishusha muundo mpya. Upimaji wote wa ubora ungehamia Nachingwea, kwenye mashine mpya, na ghala la Ruangwa lingebaki la kupokea mizigo na kuihifadhi. Vijana wawili waliokuwa wakimsaidia Zuleha msimu kwa msimu waliambiwa asante sana, nendeni salama. Yeye unga wake haukumwagika. Yeye alipandishwa cheo: Ofisa Kumbukumbu, makao Nachingwea, meza yake peke yake, kiti cha kuzunguka, na mshahara uliosogea juu kidogo. Akikataa, angepewa kiinua mgongo chake na kupeana mikono ya kwaheri. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

Watu wakampongeza mpaka akachoka kuitikia. Masoudi, mumewe, fundi cherehani pale sokoni, alikuwa ameshatangaza msikitini kabla mkewe hajamaliza ukurasa wa pili wa barua. Masoudi ni mtu mwema, ila siri kwake haikai hata dakika mbili. Akarudi na salamu za hongera za watu ambao Zuleha hakuwajua hata kwa sura.

Na Zuleha alikuwa na haki ya kupongezwa, tusidanganyane. Kusini yote hii usingempata mpimaji kama yeye. Alikuwa akichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli bila kufungua gunia, korosho zikammiminikia kiganjani, na kabla hajapasua hata moja ameshajua. Kisu kilikuwa cha kuwathibitishia wengine. Wakulima wa Nandagala walimwita Mama Kisu, baadhi kwa heshima na baadhi kwa machungu, kwa sababu akisema daraja la pili ni la pili, hata uwe shemeji yake. Mara moja alimpa daraja la pili shemeji yake kweli, na Idi ile hawakutembeleana. Aliijua thamani yake na hakuona sababu ya kuinamisha kichwa.

Sasa mbona barua ile ilikataa kumshuka, kama ugali mbichi? Hakujua. Kila alipoisoma alijikuta anatafuta neno korosho, na halikuwemo.

Ndipo akaingia Gaudens. Gaudens ni mkuu wa wapakiaji, mtu wa kifua kipana na mdomo usio na breki. Yeye ni Mngoni, Zuleha ni Mmwera. Babu zao walikimbizana kwa mikuki, wajukuu wakabakiwa na utani, na mtani hakasirikiwi. Ukifiwa, mtani wako ndiye anayekuja kujilaza kaburini akidai alipwe ndipo atoke, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka huku kamasi zinawatoka.

Alhamisi hiyo uwanja wa ghala ulijaa wakulima waliokuja kuchukua magunia matupu ya msimu. Gaudens akalichukua bambo la Zuleha, akaliviringishia kitambaa cheupe, akalilaza juu ya magunia mawili mlangoni, akaketi chini na kushika tama.

"Jamani, tumefiwa," akasema kwa sauti ya kukauka. "Mpimaji wetu hatunaye. Ameuawa na kiti cha kuzunguka. Alikuwa Mmwera, na Wamwera kwa kula mnawajua, kwa hiyo msiseme alikufa kwa njaa."

Uwanja mzima ukacheka. Zuleha akatoka ofisini na chai yake, akaegemea mlango.

"Mngoni wewe," akasema, "umekosa msiba wa kula ubwabwa, umeamua kuutengeneza."

"Marehemu haongei," Gaudens akamjibu bila kugeuka. "Ndugu zake mfungeni taya." Kisha akasimama, akakunja mikono tumboni kama wafanyavyo wasemaji wa familia kabla jeneza halijanyanyuliwa. "Sasa, kwa kawaida yetu. Mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Na kama hana haja, basi amsamehe."

Kicheko kikapanda tena. Kilipotua, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, pale yalipopangwa magunia.

"Mimi namdai."

Alikuwa Bibi Mwantumu wa Matambarale, mkulima mwenye mikorosho yake arobaini na kitu aliyoachiwa na mama yake. Mtu wa maneno machache, na machache hayo ya Kiswahili alikuwa akiyatoa moja moja, maana Kimwera ndicho kilichomlea. Watu wakamcheka kwa kudhani naye kaingia katika mchezo. Yeye hakucheka.

"Utani naujua," akasema. "Nimeukuta, nitauacha. Lakini umeuliza, najibu. Mwaka wa kwanza huyu kanipa daraja la pili. Nikasema, mwanangu, korosho zangu zina nini? Kasema, nitakuja nyumbani, bibi, nikuonyeshe. Mwaka wa pili, la pili tena. Kasema nitakuja. Mwaka jana, hivyohivyo. Sasa anakufa. Nani atakuja?"

Gaudens, ambaye kunyamaza si kazi yake, alijipangusa vumbi suruali. "Hilo," akasema taratibu, "marehemu ajibu mwenyewe."

Zuleha alilikumbuka gunia. Yote matatu aliyakumbuka, la kila mwaka. Korosho nene, nzuri, zilizoanikwa na mtu asiye mvivu, na bado mkono ukiingia ndani unakuta zimetoka jasho na ganda limeanza doa. Tangu mwaka wa kwanza alijua bibi yule anakosea wapi. Lakini nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, lori linapiga honi, na yeye kazi yake aliiona ni kupima. Kufundisha hakuajiriwa. Akatoa lile neno nitakuja, neno rahisi kuliko yote kinywani mwa mtu mwenye haraka. Aibu ikampanda usoni mbele ya watu wote wale, na chai ikampoa mkononi.

"Unanidai kweli, bibi," akasema. "Nitakulipa."

"Ukiwa Nachingwea?" Bibi Mwantumu akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua tu.

Kabla Zuleha hajajibu, mzee mmoja wa Nandagala akasema naye anadai la namna hiyohiyo, na mwingine nyuma yake. Gaudens akalifunua bambo na kulirudisha ukutani, msiba ukaishia hapo.

Nyumbani jioni Zuleha alimweleza mumewe kila kitu. Masoudi alikuwa anatarizi kanzu ya mteja. Akaiweka chini.

"Mama Fauzia, uache mshahara wa kila mwezi kwa sababu ya maneno ya Gaudens? Yule juzi alinizika mimi kwa sababu ya kunyoa ndevu."

"Si ya Gaudens. Ya Bibi Mwantumu."

"Basi nenda Jumamosi, muonyeshe, deni limekwisha. Jumatatu uwe Nachingwea."

Hoja hiyo ilikuwa na akili ndani yake, na Zuleha aliifikiria kwa haki. Lakini kadiri alivyoifikiria ndivyo lile jambo lililokataa kumshuka lilivyojitokeza na kupata jina. Huko Nachingwea angeandika. Korosho zingepimwa na mashine, yeye angeandika mashine ilichosema: daraja la pili, daraja la pili, daraja la pili, na safari hii hata uso wa anayeumia asingeuona. Hicho ndicho cheo alichopewa. Na mikono hii miwili iliyoijua korosho kuliko chuma chochote ingeshika kalamu mpaka astaafu.

"Baba Fauzia," akasema, "mimi najua korosho inaharibikia wapi. Kuanzia chini ya mti mpaka kwenye gunia, najua. Mashine inajua kwamba imeharibika, basi. Hayo ni mambo mawili, na hilo la kwanza watu wanalihitaji zaidi."

"Na watakulipa nini?"

"Hilo ndilo ninalokwenda kuuliza. Sijasema naenda kufanya sadaka."

Jumamosi akapanda bodaboda. Alianza Nandagala, akaishia Matambarale, na kwa viongozi wa vyama vya msingi hakwenda kuomba. Aliwaambia: msimu mzima nitakuwa kwenu, nyumba kwa nyumba, mkulima apimiwe nyumbani kwake kabla mzigo haujafika ghalani, aonyeshwe kosa angali na nafasi ya kulirekebisha. Mkiona magunia ya daraja la pili hayakupungua, mwakani msiniite. Wa Nandagala alikubali kabla chai haijaletwa. Wa Matambarale alizunguka sana, akataka kwanza wakae kikao, na Zuleha akamwambia wakikae hapohapo, yeye atasubiri. Wakakaa. Jua lilipopinda alikuwa na karatasi mbili zenye mihuri, malipo ya msimu na si ya mwezi, madogo kuliko mshahara wa Nachingwea. Hilo alilijua na hakujidanganya.

Masoudi alizisoma karatasi zote mbili mara mbili. "Mkono wako umezoea mshahara," akasema.

"Utazoea msimu."

"Ukikwama, cherehani ipo. Ila tutakula mchicha." Akacheka mwenyewe, na Zuleha akajua kwamba kufikia alasiri ya kesho msikiti wote utakuwa na habari.

Jumatatu Nachingwea alipokelewa na Beatrisi, ofisa utumishi, binti mwerevu mwenye heshima zake, aliyekuwa ameshamwandalia meza. Kiti chenyewe kilikuwepo, kizuri kweli, bado kina nailoni. Beatrisi aliposikia jibu ni hapana, akadhani Zuleha amekosewa.

"Mama, kama kuna mtu kakuudhi niambie. Nafasi hii wengi wanaililia."

"Hakuna aliyeniudhi, mwanangu. Mpe anayeililia. Mkimpata anayependa kuandika atawafaa kuliko mimi."

"Na wewe utafanya nini?"

"Kazi yangu," Zuleha akasema, akatia sahihi palipotakiwa. Alipotoka nje alijinunulia soda baridi akainywa amesimama, anatazama watu wakipita. Alijisikia mrefu.

Katikati ya mwezi wa kumi, korosho zilipoanza kudondoka kwa fujo, nyumba ya kwanza aliyokwenda ni ya Bibi Mwantumu. Alifika asubuhi. Siku nzima alimwangalia bila kumkosoa. Bibi aliokota, akatenganisha korosho na bibo, tunda lake, akazichambua zilizotobolewa na wadudu, akazimwaga juu ya majamvi na kuzigeuza kila mara kwa ufagio wa njukuti. Kazi safi, isiyo na kasoro. Hata Zuleha asingeifanya vizuri zaidi, na alimwambia hivyo.

Jua likaanza kushuka. Bibi Mwantumu akatazama upande wa porini, ambako tumbili walikuwa wameshaanza kujikusanya, akaleta magunia yake haraka, akapiga magoti na kuanza kuzoa. Korosho zilikuwa bado na joto la mchana kutwa.

Zuleha akapiga magoti pembeni yake, akamshika kifundo cha mkono.

"Hapa, bibi. Zikifungwa na joto zinatoka jasho usiku kucha ndani ya gunia. Ziache zipoe kwanza."

Bibi Mwantumu akasubiri. Alidhani kuna maneno mengine yanakuja.

"Zipoe?"

"Zipoe. Sisi tufukuze tumbili."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Bibi kizee akaachia korosho alizokuwa amezishika, zikaanguka jamvini moja moja. Akakaa chini, miguu ameinyoosha, akayatazama mavuno yake. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

"Miaka mitatu," akasema.

Zuleha alisema nisamehe, bibi, akalisema kwa Kimwera ili lisikosewe. Bibi Mwantumu alimsogezea fimbo moja ya kufukuzia tumbili, na yeye akachukua nyingine.