M Moja, Masikio Mawili

Siku moja haijapata kunitoka kichwani, mwanangu, na leo asubuhi umenikumbusha ulipoipigia kelele kompyuta hapa dukani Maili Moja: "Programu ya bure hii ya sakiti, imebuma kabisa!" Mimi nikanywa chai yangu. Lakini usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Nilikuwa kijana kama wewe, mkaidi kukuzidi kidogo. Shangazi yangu Tatu wa Kibuta, Mungu amrehemu, ndiye aliyenilea. Mwaka ule ugonjwa wa mdondo ulipita ukammalizia kuku wote, hakubaki hata mtetea wa kuatamia. Ndugu wa Mlandizi wakamchangia mayai ya kuanzia upya. Nikamwambia, "Shangazi, usihangaike, nitakuundia mashine ya kutotolea vifaranga." Na mayai, unajua mwenyewe, hayangoji. Ukiyachelewesha hayaanguliwi tena.

Sakiti yenyewe ilikuwa ndogo: kuwasha balbu joto likishuka, kuizima likipanda. Enzi hizo programu ya kuchora sakiti na programu ya kuijaribu zilikuwa hazijuani. Unachora huku, halafu kule unaandika upya kwa mkono kila kipande na thamani yake. Nikachora, nikanakili, nikabonyeza kitufe cha kujaribu. Lahaula! Balbu ikishawaka haizimi. Mayai yangechemka! Nikabadilisha hiki, nikabadilisha kile, wapi! Mchoro wangu mzuri ukageuka viraka vitupu. Nikaenda Kibuta kichwa chini, kumwambia Shangazi mayai yale tuyakaange tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakunipa pole.

"Baba, wewe na hiyo kompyuta mnaelewana lugha?"

"Shangazi, nimeiandikia vilevile nilivyochora!"

Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Vilevile! Na mimi kuna mgeni mmoja wa Kizungu nilimwambia vilevile, njoo saa mbili tunywe chai. Nikachemsha mihogo, nikamngoja, akaja saa nane mchana. Nikamnunia, maskini wa Mungu. Kumbe mbili yake si mbili yangu! Sasa wewe umeiuliza imesikia nini, au umenuna tu?"

Neno lile liliniingia. Nikarudi Maili Moja, nikapitia nilichoandika herufi kwa herufi. Palikuwa na rizista moja, kile kipande cha kubana umeme, niliyoiandika 1M. Kwangu mimi M ni milioni. Kwa yule mjaribu, yaani programu ya kujaribia, M iwe kubwa iwe ndogo ni sehemu moja ya elfu, na milioni anataka umwandikie Meg. Rizista yangu nene kama ukuta, yeye kaiona waya mtupu! Nikaandika Meg, nikaurudisha mchoro wangu wa kwanza, na balbu ikawaka na kuzima kwa adabu zake zote. Mchoro haukuwa na kosa tangu mwanzo.

Nikaiunda mashine yenyewe ndani ya boksi, tukapanga mayai. Vifaranga walipoanza kulia humo, Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Mimi nililia, sikufichi.

Leo, alhamdulillahi, unachora mara moja na kujaribu palepale, na M yako inafikishwa kwa mjaribu kwa lugha anayoijua. Waliozikutanisha programu hizi siwajui hata sura, na hawakunidai kitu. Niliwaandikia kwa Kiingereza changu cha kuchechemea, nikawashukuru na kuwaeleza nilipokwama, nao wakanijibu kwa heshima kabisa. Kila nikibonyeza kile kitufe nawaombea heri, wao na Shangazi yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine, simama pale inapokabidhiwa, uulize imesikika vipi kabla hujanuna. Kuuliza si ujinga. Na mbebwa hujikaza: ukiona pamepinda, waandikie wenzio kwa upole, usikae pembeni kuwatukana watu waliokubeba mgongoni.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo wa shukrani, na kila usemalo lifike kwa watu kama lilivyotoka kinywani mwako. Haya, rudi kwenye ile transista, kile kipande cha miguu mitatu kilichokupigisha kelele asubuhi. Nimeichungulia ulipokwenda kuswali. Haijabuma. Miguu yake umeihesabu wewe kwa namna yako, mjaribu naye kwa namna yake. Nenda kamuulize amesikia mguu upi.