Tuliombwa mchango wa kufundisha mbwa wa vipofu Maganzo, nikajua huu ni mtego

Wakuu, habari za humu. Aliyenizidi umri shikamoo, ingawa sidhani kama yupo.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Shule niliishia darasa la pili, na ng'ombe nilionao sikupewa na cheti. Nasimulia kama ilivyokuwa, asiyetaka apite.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa kijana nachimba almasi Maganzo kwa kujificha. Walinzi wa mgodi wakikukamata, jela. Kwa hiyo shimo lako ulilifunika: fito, nyasi, udongo juu. Hata ndugu yako humwonyeshi.

Kaka yangu Masanja alikuwa haoni tangu augue surua. Alitembea kwa kuvutwa na fimbo kama ndama. Alichukia sana.

Basi akaja Elias, Mnyamwezi wa Tabora, aliyewahi kuwa askari vitani. Ana mbwa mweusi mwenye mkanda wa ngozi na mpini wa kushika. Akasema huyu anaongoza asiyeona. Tukichanga chakula na ngozi za mikanda, atafundisha wengine, na wa kwanza atakuwa wa Masanja.

Watu wakaleta karanga, mtama, kuku.

Mimi nikasema hapana.

Jiulizeni wakuu. Enzi zile Maganzo, mbwa walikuwa wa nani? Wa walinzi! Huyu ana viatu vya askari, mbwa wake ananusanusa ardhi, halafu sisi wachimbaji ndio tumlishe?

Nikapita nyumba kwa nyumba: mnamlisha atakayewafunga. Watu wakaanza kudai kuku wao.

Masanja akaniita. "Mdogo wangu, mimi nataka kwenda kisimani mwenyewe."

"Ukiongozwa na mpelelezi?"

"Hata na shetani, mradi asinivute kwa fimbo."

Kesho yake akashika mpini mbele ya watu wote. Wakakwepa ng'ombe, wakakwepa mkokoteni, wakatoka nje ya kijiji, sisi nyuma yao.

Mara mbwa akasimama. Mbele ni nyasi tupu. Akajilaza miguuni pa Masanja, hataki kuondoka.

Watu wakacheka. "Amechoka huyo! Mrudishieni Mama Kabula kuku wake!"

Masanja akaona aibu. Akamsukuma kwa goti, mbwa hasogei. Akainua mguu amruke.

Mimi sikucheka. Lile lilikuwa shimo langu.

Nikinyamaza, kaka anatumbukia na kuvunjika shingo. Nikisema, kijiji kizima kinajua, na sijui nani kati yao anapeleka maneno kwa walinzi.

"Masanja, usisogee! Hapo kuna shimo!"

Kisha kaka akageuza uso upande wangu.

"Mbwa amejua kwa kunusa. Wewe umejuaje?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Shimo likaenda. Kulipokucha walishaingia wengine. Nami nikampelekea Elias ngozi nzima ya ng'ombe. Masanja akapata mbwa wake, akawa anakwenda kisimani na kurudi, ndoo kichwani, anaimba makusudi akipita kwangu.

Funzo langu ni hili. Nilishuku mbwa yule atafichua mashimo, na kweli alifichua langu. Hapo sikukosea. Nilichosahau kuuliza ni anamfichulia nani.

Nyie mnaoombwa michango kwenye simu kila siku, mnapimaje? Semeni hapa, nasoma zote.

Ila msiniulize shimoni kulikuwa na nini. Wabeja sana kwa kunisikiliza.