Elirehema Alinijibia kwa Daktari

Usiku ule nilimeza vidonge viwili vya maumivu kwa siri, nikajikunyata ndani ya hema. Kichwa kilikuwa kinanigonga tangu tufike kambi ya juu, na alfajiri tulikuwa tuanze mbio ndefu ya kuuzunguka Kilimanjaro, kule kwenye mawe matupu. Daktari wa mbio akijua, atanishusha. Nami ni mbishi, kushushwa ni aibu nisiyoiweza.

Usingizi ukanichukua, na humo ndotoni tayari kumekucha. Ninakimbia. Jua ni jeupe lakini halina joto. Mbele yangu anakwenda mtu kwa mwendo ninaoujua, bega la kushoto limeinama kwa miaka ya kubeba mizigo ya watalii. Ni Elirehema, mpagazi mwenzangu, tuliyemzika mwaka jana. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi sana, mpaka nilipoona pumzi yangu inafuka kwa baridi na yake haifuki kitu.

"Leo unakwenda kama bibi harusi," akanitania bila kugeuka.

Nikacheka, nikamuuliza tunaelekea wapi. Akaongeza mwendo. Changarawe ililia chini ya viatu vyangu tu. Kisha njia ikawa sakafu ya hema la daktari, nasi tumesimama mbele ya meza, mimi na yeye, vilevile kama mwaka jana.

Sisi wapagazi tuna mazoea yetu: mgonjwa hajisemei, mwenzake humsemea, maana anayekiri kuumwa hurudishwa chini. Siku ile Elirehema alikuwa akiyumba kabla hata mbio hazijaanza, nami nikamwambia daktari, "Yuko fiti huyu, ni uchovu tu." Kabla ya jioni alifia kwenye mawe. Uongo ule sikuwa nimemwambia mtu, hata mama yake.

Sasa daktari ananitazama mimi. "Na huyu vipi?"

Nataka kusema kichwa kinaniuma, ulimi hauinuki. Elirehema ananiwekea mkono begani, mkono baridi kama jiwe la mtoni. Anajibu kwa upole, na sauti inayomtoka ni yangu:

"Yuko fiti huyu, ni uchovu tu."

Daktari anaandika. Elirehema ananifunulia mlango wa hema. Nje hakuna mlima wala mbingu, ni weupe mtupu. Anatabasamu bila kinyongo hata chembe, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

"Twende, kaka. Huku hakuna anayeuliza."

Nikaamka nalia. Nje wenzangu walikuwa wakifunga kamba za viatu. Nilitambaa hadi kwa daktari, nikamweleza habari ya kichwa na ya vidonge, kisha ile ya mwaka jana, yote. Akanishusha saa ileile. Huko chini nilichuma jani la isale, ambalo kwetu Uchagani mkosaji hulibeba anapokwenda kuomba msamaha, nikashika njia ya kwa mama yake Elirehema.