Kipanga Anabadilisha Oili

Mtaani walimwita Kipanga, yule ndege mwenye macho makali, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na maseremala aliowabebea vitanda na makabati kwa pikapu yake, kwa sababu alikuwa analiona shimo la barabarani kabla shimo halijamwona yeye. Mkewe hakumwita hivyo hata siku moja. Alimwita baba watoto, na akikasirika, wewe bwana.

Sasa huyu mama, nikwambie ukweli, alizipenda siku za kubadilisha oili kuliko sikukuu. Hata walivyojuana ni kwa oili. Enzi hizo alikuwa msichana anauza sabuni na viberiti kwenye kibanda cha mama yake. Pikapu ikasimama, akashuka kijana mwembamba anaomba kitambaa cha kupangusia kijiti cha kupimia oili. Kitambaa hakikuwepo. Binti akachana pindo la gauni lake kuukuu, akampa. Mama yake alimgombeza mpaka jioni: leo pindo, kesho utampa nini? Kesho yake kijana akarudi kupima oili, na keshokutwa pia. Gari gani hilo linapimwa oili kila siku mbele ya kibanda kilekile?

Basi wakaoana, na mambo ya oili yakawa ya Jumapili. Watoto walipanda nyuma ya pikapu wakiimba, baba yao kalala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, na mama kakaa juu ya kreti ya soda anampa spana kabla hajaiomba. Ah, siku zile zilikuwa na raha yake. Watoto wakakua, wakatawanyika. Wakabaki wazee wawili, pikapu, na wajukuu wawili, watoto wa kifungua mimba wao, waliokaa hapo kwa sababu wazazi wao wanaingia kazini alfajiri. Babu ndiye aliyewapeleka shule.

Jumapili ninayoisema mimi ilianza vizuri. Kipanga aliwasha injini ipate joto kidogo, akaizima, akaingia chini, akafungua nati, oili nyeusi ikashuka kwenye karai. Akarudisha nati, akafunga chujio jipya, akatoka anajisifu.

"Mama watoto, ungeolewa na karani ungeyaona haya?"

"Ningekuwa na mikono safi," mkewe akajibu, wakacheka.

Kisha akaanza kumimina oili mpya, na mama akaacha kucheka. Mdomo wa galoni ulikuwa umekaa upande. Nusu ya oili inaingia kwenye faneli, nusu inateremka ubavuni mwa injini na kudondoka mchangani. Alitaka kusema, akajizuia. Huenda ataona mwenyewe. Kipanga akamaliza galoni, akawasha, akazima, wakangoja oili itulie. Akachomoa kijiti, akakipangusa, akakichovya tena, akakisogeza karibu na pua.

"Imefika," akasema. "Katikati ya alama."

Wapi! Oili ilikuwa imelowesha ncha tu.

Yakamjia yule mama yote aliyokuwa anayaona na kujifanya hamnazo: kikombe cha chai kilichowekwa hewani badala ya mezani, taa ya gari iliyopasukia kwenye nguzo, na mzee akashikilia kwamba nguzo imesogezwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hapa kifo kisingemtafuta mficha maradhi peke yake. Kesho asubuhi wajukuu wangepanda gari hilo. Na kumwambia Kipanga kwamba haoni ni sawa na kumvua nguo sokoni. Akapiga moyo konde.

"Baba watoto, haijafika."

"Nimeona mwenyewe."

"Hujaona. Oili iko chini, umeikanyaga."

Kipanga akainama, akapapasa mchanga, akanusa vidole vyake.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Tangu mvua za mwaka jana. Barabara ya shule naijua kwa moyo."

"Na mtoto akikatiza mbele yako, wewe bwana? Naye unamjua kwa moyo?" Alikuwa na hasira hasa, na machozi yanamtoka hapohapo, kwa kuwa alimpenda na alikuwa anaogopa.

"Niliona nikikwambia, Jumapili zetu hizi zitakwisha," akasema mzee.

Hata mama, hofu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imemfunga mdomo.

Baadaye Kipanga akamwambia kuna galoni nyingine nyuma ya mlango, aongeze yeye. Alikuwa ameamua kumwachia mwanawe gari, na hakutaka kumpa likiwa na kiu. Mama akamimina kidogo kidogo, akapima, akaongeza, akapima tena, mpaka oili ikakaa kwenye alama. Kisha mzee akaomba apigiwe simu kwa kifungua mimba.

"Njoo uchukue gari," akamwambia.

Kijana akauliza limeharibika nini.

"Gari ni zima. Oili tumebadilisha leo. Aliyeharibika ni dereva."

Kipanga akaongeza kwamba kesho watoto watakwenda shule kwa miguu na bibi yao, akaaga vizuri. Halafu akampa mkewe simu aikate, maana kitufe hakukiona.