Sifuri ya Kinya

Mwaka jana, katika fomu ya kuwania nafasi ya kujitolea ng'ambo, palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Idadi ya miti uliyopanda". Hapo Kinya alijaza tarakimu moja tu: 0. Wenzake sita waliowania nafasi hiyo walijaza 800, 1,500 na kuendelea, na mmoja wao, ambaye naamini alikuwa amefumba macho alipoandika, alijaza 6,000. Nafasi ilikuwa moja kwa kaunti zetu mbili za Meru na Embu. Nitaeleza jinsi msichana wa miaka ishirini, asiye na mjomba katika ofisi yoyote, alivyoitetea sifuri yake.

Kinya ni mwanafunzi wa uhifadhi wa mazingira katika chuo kimoja mjini Embu. Amepanga chumba mtaani Dallas, mjini humo, lakini kwao ni upande wa Nkubu, huko Meru, kwenye mteremko ambao nyanya yake Gatakaa ameulima tangu alipoolewa. Gatakaa ndiye aliyemlea. Kinya ni mfupi, sauti yake ni kubwa kuliko kimo chake, na ana tabia ya kuuliza swali la pili wakati mwalimu ameshajisifu kwa kulijibu la kwanza. Tabia hiyo haikumpa alama hata moja shuleni.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya miezi kumi katika kituo cha elimu ya mazingira huko Uskoti: nauli, chakula na malazi vimelipwa. Kinya aliijua kwa bahati tu, alipofunga mlango wa ofisi moja ili upepo usipeperushe karatasi, akakuta tangazo limebandikwa nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango! Nafasi za vijana wetu hufichwa kama chupa ya mlevi, kisha tunaambiwa kwamba vijana wa vijijini hawana ari. Ari wanayo. Wasichokuwa nacho ni macho ya kupenya mbao.

Masharti yalikuwa haya: kila mwanafunzi aanzishe mradi nyumbani kwao kwa wiki sita, Julai na Agosti, akisaidiwa na mgeni wa kujitolea kutoka ng'ambo, kisha alete ripoti kabla ya Septemba. Kinya hakuhitaji kuutafuta mradi. Ulikuwa chini ya shamba la nyanya yake, nao ulikuwa unakauka.

Pale chini kuna kithima, yaani chemchemi, ambayo nyumba kumi na tisa, yangu ikiwemo, huitegemea. Zamani palikuwa na kinamasi na nduma, yale magimbi yenye majani mapana kama masikio ya ndovu. Kisha akaja mtaalamu mwenye kofia na karatasi, akawapa watu miche ya mikaratusi bure na amri juu yake: pandeni, mkaushe kinamasi. Gatakaa, mwanamke mtiifu wakati huo, akapanda. Kinamasi kikakauka. Nduma zikafuata. Kufikia mwaka jana, mtungi wa lita ishirini ulichukua dakika kumi na nne kujaa, na akina mama walikuwa wanafika na ufumaji wao ili wasipoteze siku.

Mwezi wa Juni Kinya alirudi nyumbani na kuisema shida yake kabla hajanywa chai.

"Nyanya, nataka tukate ile miti ya chini."

"Ipi?"

"Yote. Arobaini na mitatu."

Gatakaa aliweka kikombe chini. "Nilikupeleka ukasomee kutunza miti, unarudi na njaa ya kuikata?"

"Inakunywa kithima, Nyanya. Usiku na mchana."

"Aliyenipa miche alikuwa na karatasi kama wewe. Alisema panda. Wewe unasema kata. Atakayekuja kesho atasema nini?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na laiti wataalamu wetu wangelala nalo kitanda kimoja kwa wiki moja. Kinya alisema, "Yule alisema akaenda. Mimi nitabaki."

"Utabaki vipi? Huo mti ukiukata haufi. Shina huchipuka kama nywele."

"Nitayakwanyua machipukizi."

"Kila mwezi. Miaka miwili. Ukiruka mwezi mmoja, nimekosa miti na nimekosa maji. Leta mkono."

Wakapeana mikono juu ya meza, na Kinya akaruhusiwa kunywa chai.

Khalifa, fundi wa msumeno wa injini kutoka Nkubu, alikuja akakubali kulipwa kwa nguzo. Alipouona ule msitu mdogo ulionyooka vizuri, alisita. "Mama, una hakika? Nikishakata, gundi sina."

"Kata, Khalifa, kabla sijabadili nia. Na usiniangalie hivyo, hujafiwa."

Kazi ilichukua siku nne. Katikati ya mwezi wa Julai mgeni akafika: Lotte, mwanafunzi kutoka Ubelgiji, amevaa fulana yenye picha ya mche. Asubuhi ya kwanza Kinya alimkabidhi gambuti na panga.

"Tunapanda wapi?" Lotte aliuliza.

"Hatupandi. Tunakwanyua."

Lotte aliyatazama yale mashina arobaini na matatu kama mtu aliyepelekwa harusini akafikishwa makaburini. Gatakaa alicheka hadi akakaa chini, kisha akamletea uji. Lakini binti huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Alipoelezwa alielewa, na wiki ilipoisha ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya saa. Kila Jumamosi alisimama kwenye bomba la kithima akipima mtungi, kisha akaandika dakika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko: kumi na nne, kumi na tatu, kumi na moja, tisa, saba. Wiki ya mwisho ya Agosti aliandika sita, akaizungushia duara. Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Sisi wa kamati ya kithima tulikuja kupima wenyewe kwa saa yetu, kwa kuwa hatuamini mkaa, nasi tukapata sita.

Ndipo Kinya akajaza fomu, akaipeleka kwa mratibu wa mpango, Bwana Munene, mwalimu mstaafu ambaye ofisi yake ni sebule ya nyumba ya kupanga huko Dallas. Munene si mtu mbaya. Aliipitisha kalamu hadi kwenye kisanduku, ikasimama.

"Kinya, hii ni nini?"

"Ni sifuri, Mwalimu."

"Naona ni sifuri. Nauliza inafanya nini hapa."

"Hatukupanda. Tulikata."

Munene alivua miwani. "Unatafuta nafasi ya mazingira, na sifa yako ni kukata miti?"

"Kithima kimerudi, Mwalimu. Nimeambatisha dakika."

"Dakika hazina kisanduku! Miti ndiyo ina kisanduku. Bado una siku mbili. Chukua miche mia mbili, panda hapo nyuma ya kanisa, mpige picha."

"Agosti? Hakuna mvua. Itakufa."

"Si itakufa baadaye? Picha itakuwa imeshapigwa."

"Baadaye ni Jumatano, Mwalimu."

Hapa nitasema wazi jambo ambalo wengi hulinong'ona. Nimetembea kwenye vilima vilivyopandwa kila Agosti, kwa sababu Agosti ndio likizo ya wageni. Nimeona vijiti vikavu vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na karatasi yake ya nailoni shingoni. Ule ni uongo uliomwagiliwa maji siku moja. Simlaumu mgeni, ambaye alitoka jasho la kweli. Namlaumu aliyechora kisanduku cha kuhesabu miche inayoingia ardhini bila kuchora kingine cha kuuliza mingapi ingali hai. Na tunawafundisha hilo wanafunzi wa mazingira!

Kinya alikataa, na Munene akaituma fomu ilivyokuwa, akitikisa kichwa kama mtu anayepeleka barua kwenye anwani ya moto.

Katikati ya Septemba ujumbe ulifika kwenye simu ya Kinya kutoka Uskoti: "Kisanduku cha tatu kina sifuri. Ikiwa ni kosa, tafadhali sahihisha ndani ya siku mbili." Kinya aliusoma akiwa ameketi kitandani mwake. Alijua wenzake walikuwa na maelfu. Alijua pia kwamba nafasi kama ile haingepita tena mbele yake. Akaandika 500. Akaitazama. Ilikuwa tarakimu nzuri, ya kiasi, isiyo na makuu. Kisha akamkumbuka yule mtu mwenye kofia. Naye pia, bila shaka, alikuwa na fomu mahali fulani, na katika fomu hiyo Gatakaa alikuwa ameandikwa kama ushindi: miti arobaini na mitatu.

Akaifuta. Akajibu: "Si kosa. Naomba mnipigie simu ya video Jumamosi, nikiwa kwenye chemchemi, niwaonyeshe."

Wakakubali. Jumamosi hiyo Kinya alisimama kwenye ukingo wa migomba kando ya bomba, mahali pekee ambapo mtandao hushika kule chini, huku Gatakaa akimsukuma kiwiko. Kwenye simu alitokea mkuu wa kituo, Bi. Morag, mwanamke mwenye mvi na koti la mvua.

"Tafadhali tazama saa yako," Kinya alimwambia, akausogeza mtungi chini ya bomba. Kisha akanyamaza. Fikiria ujasiri wa kumnyamazisha mtu aliyeshika maisha yako mkononi, kwa dakika karibu sita, ili asikilize maji. Ilipofika dakika ya nne Gatakaa alishindwa kuvumilia.

"Mwambie nitapanda nduma tena!"

"Nyanya, ngoja."

"Mwambie kwanza! Mwambie huwezi kumlisha mtu nguzo!"

Kinya akatafsiri. Mtungi ukajaa kwa dakika tano na nusu. Bi. Morag alikuwa anacheka. Aliigeuza simu yake, na wakaona uwanda mpana wenye ukungu, umejaa mashina ya miti, mamia kwa mamia.

Akaeleza. Kwao pia, miaka mingi iliyopita, wataalamu waliamuru misunobari ipandwe kwenye vinamasi, na vinamasi vikakauka. Sasa kituo chake hukata misunobari na kuziba mitaro ili maji yarudi. "Fomu tuliikuta ofisini, hatukuiandika sisi," alisema. "Tungeijaza kwa ukweli, hata sisi tungeandika sifuri."

Baada ya wiki moja barua ikaja: Kinya amechaguliwa, aondoke Januari. Gatakaa alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani ng'ombe amezaa pacha. Oktoba mvua iliponyesha, nduma sitini ziliingia ardhini, na Kinya akapanda mikuyu thelathini kuzunguka kithima. Hakuna aliyepiga picha.

Ila kulikuwa na ule mkono uliotolewa juu ya meza. Miezi kumi ni mizunguko kumi ya machipukizi, na magoti ya Gatakaa hayakubali tena kuinama.

"Siendi, Nyanya. Nilikuahidi."

"Uliahidi yatakwanyuliwa. Nenda ukatafute mikono."

Kinya akampigia Munene. Alisema ataondoka kwa sharti moja: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mpango uwalete wale wanafunzi sita kithimani.

"Wewe? Unaniwekea masharti?"

"Ndiyo, Mwalimu. Na watakuwa na kitu cha kweli cha kuandika."

Munene akauliza, kwa sauti ya chini, kama gambuti huuzwa Nkubu.

Jumamosi ya kwanza ya Januari walikuja wote saba, Munene na wanafunzi sita, akiwemo yule wa elfu sita, ambaye kumbe ni kijana mcheshi na mwenye mikono mizuri ya kazi. Shida ni kwamba hakuwa ameombwa kamwe afanye lolote la maana. Kinya alikuwa anatoka na mkoba wake, ndani yake gambuti zake, kwa sababu Bi. Morag alikuwa ameandika kwamba huko ni matope tu. Alisimama juu ya mteremko kuaga. Chini, mratibu alikuwa ameinama kati ya mashina, na Gatakaa, ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, alikuwa anamnyooshea fimbo.

"Hilo umeliruka, Mwalimu."

"Lipi, Mama?"

"La kumi na saba. Linakucheka."

Munene akarudi nyuma hatua mbili, akalikwanyua.