Wajina Wangu Haitwi Kashida

Nakumbuka Jumapili moja, Mutwiri mwanangu, ambayo mama yangu alisimama katikati ya kanisa letu la Githongo kabla mchungaji hajambatiza mtoto, akasema "La!" kwa sauti iliyofika mpaka nje walikofungwa mbuzi wa sadaka. Nilikuwa msichana wa shule, nimekaa na wanakwaya. Niliona haya hata nikatamani kuingia chini ya benchi, na papo hapo nilijivunia kuwa mtoto wake. Kisa hiki sikuwahi kukusimulia kwa sababu sikuona haja. Wiki hii umenipa haja, na nimekasirika, kwa hivyo utanivumilia.

Nyanya yako aliitwa Karimi. Ndilo jina alilopewa na wazazi wake, lakini huku kwetu waliolitumia ni wachache. Wengine wote walimwita Kelele. Sababu yake ni hii. Siku hizo karani wa kiwanda cha kahawa alikuwa na tabia mbaya. Kahawa ya mwanamume aliipokea bila kuiangalia mara mbili. Ya mwanamke aliimwaga chini, akapekuapekua, akapata buni mbili za kijani ambazo hazijaiva, akamwambia mama wa watu abebe gunia lake arudi nalo nyumbani. Wanawake walikuwa wanainama, wanazoa kahawa yao kwenye vumbi, wanaondoka kimya. Mama alikataa kuinama. Alisimama mbele ya mizani na kupaza sauti mpaka wazee wa kamati wakatoka ofisini, naye akadai magunia ya wanaume pia yamwagwe chini hapo hapo, watu wote waone. Yakamwagwa. Yalikuwa na buni za kijani nyingi kuliko yetu. Tangu siku hiyo kahawa ya wanawake ikapokelewa bila taabu.

Unadhani alishukuriwa? Kahawa ya wake zao ikapita, wakafurahi, halafu jioni wakakaa wakicheka jinsi mke wa fulani anavyopiga kelele. Baba mkubwa, kaka ya baba yangu, alikuwa kwenye hiyo kamati. Yeye ndiye aliyembandika lile jina. Likakwama. Mpaka watoto wadogo waliotumwa chumvi kwetu walikuwa wanabisha hodi kwa "Mama Kelele," na mama anafungua mlango, anawapa chumvi.

Ndipo kaka yangu Mwenda akapata mtoto wa kwanza, msichana. Kwetu Wameru msichana wa kwanza huitwa mama wa baba yake, hilo najua unalijua. Lakini nyinyi vijana mmejifunza nusu ya desturi mkaacha nusu nyingine sokoni. Nusu nyingine ni kwamba yule anayeitiwa mtoto huulizwa. Mtoto hupelekwa kwake, anambeba, anambariki, kisha anasema mwenyewe ni jina lipi kati ya majina yake analotaka liendelee kuishi. Mtu akifika umri wangu anakuwa na majina mengi. Mengine alipewa na waliompenda na mengine alibandikwa. Hakuna mwingine anayejua lipi ni lipi.

Mama hakuulizwa. Wanawake walikuja na uji wa wimbi na ndizi kumwona mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa na mapafu, alilia kutoka mlangoni mpaka jikoni. Baba mkubwa akapiga fimbo yake chini akicheka. "Huyu hahitaji kutafutiwa jina! Ni Kelele mwenyewe amerudi!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mwenda naye akacheka, maana nani anamkatalia baba mkubwa? Mama alikuwa anawamiminia wageni uji. Aliendelea kumimina. Mimi nilimwona uso, nikajua hilo jambo halijaisha.

Basi ile Jumapili ya ubatizo, mchungaji akamchukua mtoto, akauliza anaitwa nani. Mwenda akajibu kwa sauti ya mtu aliyefundishwa la kusema: "Anna Kelele." Kuna watu walianza kucheka chini chini hapo hapo kanisani. Ndipo mama akasimama.

"La! Mchungaji, ngoja. Huyo mtoto ni wangu wa jina na hakuna mtu amekuja kuniuliza." Akageuka akamtazama baba mkubwa. "Hilo jina mlinipa nyinyi. Nilipaza sauti kahawa ya wake zenu ikapokelewa, mkala, mkashiba, halafu mkanicheka. Mimi nimevumilia, mimi ni mtu mzima. Lakini huyu hajafanya lolote. Hata meno hana. Kwa nini aanze maisha akiwa amechekwa tayari?"

Baba mkubwa akafungua mdomo kusema kitu, mke wake akamshika mkono akamkalisha. Mchungaji, mtu mwenye busara, akamuuliza mama kwa upole, "Basi anaitwa nani, mama?" Naye akasema, "Anaitwa Karimi. Mimi pia naitwa Karimi, kama mmesahau." Mtoto akabatizwa Anna Karimi, na wale waliocheka ndio waliojibu amina kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa sikiliza jambo ambalo lilinishangaza. Jioni tukiwa nyumbani, mama alikuwa amembeba yule mtoto kando ya meko, anambembeleza, na nikamsikia anamwambia, "Nyamaza Kelele yangu, nyamaza Kelele wa nyanya." Nikamuuliza kwa nini amegombana na kanisa zima kama yeye mwenyewe atamwita vile vile. Akaniambia, "Mukami, mimi nikimwita hivyo anajua anapendwa. Jina la nyumbani ni la midomo ya watu wanaomjua. Lile lingine ni la watu ambao hawatamjua, watakaomwona kwa mara ya kwanza na kumpima kwa hilo jina tu. Hao usiwape kitu cha kumchekea."

Yule mtoto Karimi unamjua. Ndiye yule mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo pale Githongo, watu husema twende kwa Karimi. Sisi wa nyumbani bado tunamwita Kelele, naye hugeuka akicheka. Angalia tofauti hiyo.

Nikurudie wewe. Mwanao amezaliwa Laare ile wiki pikipiki yako iliharibika na wanunuzi wa miraa wakakupita, nawe ukamtazama mtoto wa watu ukasema, "Haka ni kashida." Wenzako wa stendi ya pikipiki wakacheka. Ukaweka picha yake kwenye simu, ukaandika Kashida amefika, na watu ambao sitawahi kuwaona wakaweka vikaragosi vya kucheka. Nikakupigia. Ukaniambia nini? "Mathe, si hiyo ni jina tu? Iko poa, hakuna msichana mwingine ako nayo." Na ukaongeza kwamba hata kwenye cheti cha kuzaliwa utaandikisha hivyo.

Ni kweli hakuna msichana mwingine aliye nayo. Hujajiuliza kwa nini?

Mke wako Kendi alinipigia baadaye, akiongea polepole kama mtu anayeiba. "Mum, mimi sitaki hiyo jina. Lakini hapa kila mtu anacheka, nikikataa wanasema sijui mchezo." Nilikasirika mpaka nikaacha maziwa yakafurika jikoni. Mama wa mtoto aogope kusema neno juu ya mtoto aliyemzaa? Shida ni ya nani? Pikipiki ilikuwa yako, na ilikuwa mbovu kabla yeye hajazaliwa. Yeye amekuletea shida gani zaidi ya kunyonya na kulala? Na mimi, ninayeitiwa mtoto, sikuulizwa hata kwa ujumbe mfupi. Yaani mimi ndiye Kashida?

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtoto wa kike atasimama mbele ya mwalimu, mbele ya daktari, mbele ya wakwe, mbele ya watu wanaotafuta sababu ndogo tu ya kumdharau. Kabla hujampa jina, lisikie likiitwa na mtu asiyempenda. Kama linauma ukilisikia hivyo, hilo usiliandikishe popote. La utani mpe nyumbani, na hata hilo lichague lile ambalo akikua akakuuliza ulilitoa wapi, utamjibu ukimwangalia machoni. Wewe ungemwambia nini? Kwamba siku aliyozaliwa ulikuwa unafikiria pikipiki? Na mwenye jina aulizwe akiwa bado hai, maana akishaondoka mtabaki kubahatisha.

Jumapili nitakuja Laare. Andaeni chai tu, makelele ya wageni sitaki. Nitambeba mtoto, na nitasema mbele yako na mbele ya Kendi na mbele ya wenzako wa stendi kama watakuwepo: anaitwa Mukami. Ni jina nililopewa na wazazi wangu, maana yake mkamuaji, na ng'ombe bado ninakamua, kwa hivyo halijanitoka. Mungu ampe afya na akili, ampe sauti kama ya Karimi wa kwanza, na popote atakapoitwa mbele ya watu asimame bila kuangalia chini. Na wewe akusamehe, kwa maana mimi bado sijafika hapo.

Nikifika mlangoni usianze kunisalimia kwa makelele yako. Niambie tu, "Mukami amelala," nami nitavua viatu niingie polepole.