Mwezi Haulazwi Chini

Siku ile ya gogo naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyovaa joho. Umeniletea hadithi yako ya majini, unauliza kama inafaa. Nitakujibu, ila nivumilie kwanza. Mzee haanzi safari kwa kukimbia.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikapelekwa kijiji cha ujamaa mbele ya Ipole kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Nilikuwa kijana wa kuwazawaza. Mtu akinijibu salamu kwa sauti ndogo, nilishinda nikijiuliza nimemkosea nini. Na sandukuni nilificha hadithi yangu: shujaa aliyebeba mlima wa dhahabu siku saba ili amwokoe binti mfalme. Miaka minne nilikuwa nikiiandika na kuifuta.

Mwaka ule kijigazeti cha wasomaji wapya kilichotolewa Tabora mjini kikaomba hadithi moja kutoka kila kijiji. Gari lingeifuata Ijumaa, na mchaguzi ni mwalimu. Nikawaza: na mwalimu mwenyewe je, si mwanakijiji?

Jumatatu Mama Kalunde akanikabidhi daftari lake. Alikuwa mjane wa makamo, mkulima wa tumbaku, na herufi alizijua mwaka uleule. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, na kila ukurasa ulibeba alama zake. Aliandika habari za jitu lililotumwa kuubeba mwezi kutoka Unyanyembe hadi pwani, kwa njia ya misafara. Mwezi ulikuwa mbichi, unachuruzika maji ya baridi shingoni. Jitu likichoka halikuulaza chini. Liliuegemeza kwenye panda ya mti wa mninga, likapumzika limesimama, kisha likaingiza bega la pili.

Nilisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili wivu ukaniuma. Mara ya tatu nikashika kalamu nyekundu, nikatafuta makosa, nikayapata mengi, wala sikupona. Shujaa wangu, siku zote saba, hakuwahi kutoka jasho. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi sababu nilikuwa nayo, ndiyo maana iliuma zaidi.

Kesho yake nikamwambia, "Mama, daftari lako limeliwa na mchwa hata sijalifungua."

Akanitazama. "Mchwa wa nyumba ya mwalimu nao wameanza kisomo?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Basi nitaandika tena," akasema. "Nipe daftari jingine." Na ukurasa mmoja, mwanangu, ulimchukua jioni nzima.

Alhamisi ilikuwa kazi ya kijiji: kusomba magogo ya kuchoma kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku. Nikachagua gogo refu ili waone kwamba msomi naye ni mwanamume. Katikati ya njia nikazidiwa, nikalilaza. Nilipotaka kuliinua tena liliishia magotini. Wenzangu walikuwa wametangulia. Nyuma yangu akatokea Mama Kalunde, gogo begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelilaza, mwalimu?"

"Nilichoka."

"Anayelaza mzigo atamhitaji wa kumtwisha. Baba yangu alibeba pembe za ndovu hadi pwani. Alinifundisha hilo kabla sijajua kusonga ugali. Ulitakiwa ufanyeje?"

Kwa pupa ya mwanafunzi anayejua jibu nikasema, "Kuliegemeza kwenye panda, kama jitu lilivyofanya na mwezi."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale, katikati ya pori.

"Kumbe mchwa walikusimulia," akasema. Akaegemeza gogo lake mtini bila haraka. "Na mimi sijafika hata nusu. Gari ni kesho." Kisha akachuchumaa, akashika ncha ya gogo langu. "Ingiza bega."

Akanitwisha. Heri angenitukana.

Jioni ile nilimpelekea daftari, na wekundu wangu wote. Akapitia alama moja moja. "Haya makosa ni ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

"Basi kaa tuyarekebishe."

Ijumaa gari likaondoka na mwezi wake. Mlima wangu wa dhahabu ukabaki sandukuni. Kijigazeti kilipofika, wanakijiji wakakusanyika kusomewa, nami nikapiga makofi huku nikiumwa vilevile. Wivu hauondoki kwa sababu tu mtu ametubu. Lakini bega nalo lilikuwa bado linalikumbuka lile gogo, na usiku huohuo shujaa wangu akapata, kwa mara ya kwanza, bega linalouma.

Sasa hadithi yako. Majini yako yanaruka vizuri, mwanangu, lakini hayajawahi kuchoka wala kusubiri mtu asiyekuja. Wewe umeyajua hayo yote huko kwenu Isikizya, yape na majini yako. Jambo la ajabu husimama juu ya jambo ulilolibeba mwenyewe. Na ukisoma ya mwenzako ukaumwa, usiyafiche. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hadi siku uuinue. Nenda kamwulize aliubebaje.

Mungu akupe bega pana, na siku utakayosahau ukaulaza mzigo chini, akuletee nyuma yako mtu mwenye moyo wa kukutwisha.